Mkanda Uliotoka Mweupe: Kisa cha Picha za Wazee Zilizosafishwa kwa Mashine ya Rangi

## Usuli

Mwaka 2009 familia moja ya mji wa pwani ya Tanzania iliniita niwapige picha wazee wao wawili, babu na bibi, wakati bado wana nguvu ya kuketi na kuitazama kamera. Majina, mji na maduka nimeyaacha. Familia wameridhia kisa kisimuliwe, kwa sababu na wao wanajua wapo wengi watakaokutwa na yaliyotukuta.

Sebuleni kwao ilining'inia picha ya harusi ya wazee hao, ya studio, miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe, pembe zimeanza kugeuka kahawia. Walitaka mpya ikae ubavuni mwake, zifanane. "Za rangi hatuzitaki, kaka," binti yao mkubwa aliniambia. "Za rangi tunazo tele na zote zimepauka."

Mimi kazi niliianzia kwenye chumba cha giza, lakini wakati huo nilikuwa sina tena. Dawa za nyeusi na nyeupe zilikuwa adimu, na hata ukizipata, pwani maji ya bomba hutoka na nyuzi joto 28 au 30 ilhali dawa inataka 20. Unakaa na barafu ndani ya karai, unachungulia kipimajoto kila dakika, na ukizembea ngozi ya mkanda inalainika na kuchubuka. Kilichokuwepo kila mji ni mashine ya kusafisha picha za rangi. Kwa hiyo niliwaomba mikanda ya Ilford XP2 Super, ambayo ni nyeusi na nyeupe lakini imeundwa ipite kwenye dawa hizohizo za rangi.

Mjukuu wao aliyekuwa akiishi London ndiye aliyekuja nayo. Dukani alikuta minne tu, akajazia miwili ya HP5 Plus, kwa vile yote ni Ilford, yote ASA 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kuupokea mwanga), yote picha 36. Halafu akafanya jambo la busara kabisa: akaitoa yote kwenye maboksi na kuibakiza kwenye vikopo vyake vya plastiki, ili uwanja wa ndege awaombe wakaguzi waitazame kwa mkono badala ya kuipitisha kwenye eksirei. Akanikabidhi mfuko mmoja wenye vikopo sita vinavyofanana kama mapacha.

## Mikanda hii inatofautiana wapi

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana bila hili kisa hakieleweki.

Kwenye mkanda wa kawaida wa nyeusi na nyeupe, kama HP5 Plus, picha yenyewe ni madini ya fedha. Mwanga unapogusa, dawa inageuza chembe zilizoguswa kuwa fedha nyeusi, na fedha hiyo ndiyo sura unayoiona.

Mkanda wa rangi unafanya vingine. Njia yake inaitwa C-41, Kodak waliitoa mwaka 1972, na ndiyo iliyokuwamo kwenye mashine zote za mtaani. Dawa ya kwanza ina joto la nyuzi 37.8 na mkanda huzama humo dakika 3 na sekunde 15. Fedha inatokea, na papo hapo pembeni yake vinaumbika viwingu vya rangi. Kisha dawa ya pili na ya tatu zinaiondoa fedha yote, zinabaki rangi tupu. Fedha humo ni kama jukwaa la fundi ujenzi: ukuta ukisimama, miti inafunguliwa.

XP2 Super imejengwa hivyo, ila viwingu vyake si vya rangi tatu, ni vyeusi tu. Ilford walianza na XP1 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kodak nao walikuwa na mkanda wa namna hiyo, BW400CN, ambao walitangaza kuuacha mwaka 2014. HP5 Plus haina viwingu. Ukiipitisha C-41, jukwaa linafunguliwa na ukuta haupo.

## Siku ya kupiga

Asubuhi nilimpiga babu barazani. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na ukuta wa chokaa uliokuwa ukipigwa na jua, nao ukirudisha mwanga laini usoni pake. Sijawahi kukuta taa ya studio inayoufikia. Kamera ilikuwa Nikon FM2 na lenzi ya milimita 85.

Babu alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua, na ngozi yake ni nyeusi hasa. Kipimo cha ndani ya kamera hakijui kanzu wala ngozi. Kila unachokielekezea hukidhania ni kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye kanzu kitakuambia mwanga ni mwingi, utaubana, na uso wa mzee utatoka kama kipande cha makaa. Nilitumia kipimo cha mkononi, kile chenye kibulungutu cheupe, nikakishika chini ya kidevu chake kikiitazama kamera, ili kipime mwanga unaomwangukia na siyo unaorudi kutoka kwake. Nacho nilikiseti ASA 200 badala ya 400, yaani kila fremu niliipa mwanga mara mbili ya ile namba ya kwenye mkanda. Kikanipa tundu la lenzi la 5.6 na kasi ya 1/125 ya sekunde. Hapo nikabaki, mikanda miwili mizima.

Saa kumi alasiri akatoka bibi. Alikaa mahali palepale, kitukuu wake wa miaka minne, aliyekuja na baba yake kutoka London, amemwegemea gotini. Nilitia mkono mfukoni, nikafungua kikopo, nikaweka mkanda na kuendelea, maana mtoto alikuwa ametulia na nilijua utulivu ule haudumu. Kilichoandikwa kwenye kigae cha mkanda, yaani kile kibati unamokaa mkanda wenyewe, sikukisoma. Fremu 36 ziliisha barazani pale, na moyoni nilijua ndizo bora kuliko zote za siku ile.

Magharibi ikaingia. Bibi alirudi ndani kusali, kisha akakaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mtoto akamlalia mapajani. Nikaweka mkanda mwingine na lenzi ya 50. Mwanga ulikuwa kidogo sana. Nilipandisha kipimo hadi ASA 1600, tundu la 2, kasi ya 1/30, nikashikilia pumzi.

## Kwenye mashine

Kesho yake nilipeleka mikanda minne kwenye duka la kusafisha picha palepale mjini, bahasha moja. Nilimwambia fundi, "Hii ni nyeusi na nyeupe, lakini safisha kama ya rangi tu." Aliniuliza kama nina hakika na yote. Nikajibu ndiyo.

Jioni nilikuta mikanda mitatu ina picha na mmoja ni mweupe, kioo kitupu toka mwanzo hadi mwisho. "Huu haukuingia kwenye meno ya kamera," fundi alisema. "Ulikuwa unapiga, wenyewe hauendi." Jambo hilo hutokea, na kwa saa kadhaa nililiamini, huku roho ikiniuma.

Printi za mikanda mitatu nazo zilikuwa na yake. Fremu moja babu alikuwa na ukijani wa embe bichi. Iliyofuata, aliyoketi vilevile na kanzu ileile, alielekea zambarau. Ya tatu ilikuwa kahawia nzuri, ukidhani ni kusudi. Binti mkubwa alizitandaza mezani na kunyamaza kidogo. "Kaka, tulisema hatutaki za rangi." Fundi naye alishikilia kwamba mkanda umeharibika kwa joto la safari.

Usiku nilikaa chini ya taa na negativu, yaani mikanda yenyewe iliyosafishwa, ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Zile za babu zilikuwa safi: uso una mwili wa kutosha, kanzu nzito lakini mikunjo inaonekana. Joto halikuharibu kitu. Kisha nikauinua ule mweupe. Kwenye ukingo wa kila mkanda, karibu na matundu, kiwanda huchoma kwa mwanga namba za fremu na jina la filamu. Mkanda wa rangi ambao haukupigwa kabisa, au uliokwama kwenye kamera, hutoka mtupu katikati lakini namba za ukingoni zinakuwepo, maana nazo husafishwa pamoja na kila kitu. Ukingo wa ule mkanda haukuwa na namba hata moja. Namba zenyewe zilikuwa za fedha, na fedha ilikuwa imeondoka yote. Nikaokota kigae tupu kutoka kwenye bahasha ya duka. Kimeandikwa HP5 Plus.

## Maamuzi, na sababu zake

Kwa fundi sikurudi na ugomvi. Alifanya nilichomwambia, tena aliniuliza na mimi ndiye niliyemhakikishia. Nilirudi siku ya pili kumwonyesha ukingo wa mkanda, kwa sababu wateja wengine watamletea mkanda kama huo na yeye ndiye mlango wa mwisho kabla ya dawa. Alikitazama kigae kwa muda mrefu. Baadaye nikasikia ameanza kusoma kila kigae anachopokea.

Familia niliwaeleza siku hiyohiyo. Kulikuwa na kishawishi cha kulibakiza lile la meno ya kamera, kwani fundi alikwisha lisema mbele yao na walilikubali. Lakini mjukuu angeweza siku yoyote kuhesabu mikanda na kujua, na hata asingehesabu, mtu aliyekukabidhi sura ya mama yake anastahili kujua ilivyopotea. Mjukuu alijilaumu kwa kuitoa kwenye maboksi. Nilimwambia anayeweka mkanda kwenye kamera ndiye anayesoma.

Kuhusu printi, niliamua zisirudiwe pale mjini. Mashine ile ilikuwa ya zamani, inayopitisha mwanga kwenye negativu moja kwa moja hadi kwenye karatasi. Negativu ya kawaida ya rangi ina utando wa rangi ya chungwa, na karatasi na mashine vimezoeshwa kuukuta. XP2 hauna. Iko karibu wazi, na kivuli hafifu cha zambarau. Mashine inautafuta utando, haiuoni, inajaribu kurekebisha, na kwa kuwa kila fremu huipima upya, kila moja inatoka na rangi yake. Fundi mwenye subira anaweza kufunga marekebisho kwa mkono na kujaribu hadi apate kijivu, lakini karatasi za majaribio zingeliwa nyingi na yeye ndiye angezilipia.

Nilizipeleka Dar es Salaam, kwenye duka lenye mashine ya dijitali. Hiyo kwanza huisoma negativu kwa skana, halafu inachapa kwa leza. Nilisimama pembeni ya fundi nikamwomba aweke hali ya nyeusi na nyeupe kabla ya kusoma, asiache mashine itafute rangi yoyote. Tulichapa fremu moja kwa sura mbili, kijivu baridi na kijivu chenye joto kidogo. Familia wakachagua yenye joto, kwa kuwa ilikaribiana na ile ya harusi.

Mwisho, wiki ya tatu nilirudi na XP2 ya nne kumpiga bibi upya. Mjukuu na mwanawe walikuwa wameshaondoka.

## Matokeo

Picha ya babu ilitoka kama nilivyoiona barazani. Ilichapwa inchi 12 kwa 16, na kwenye kofia unaweza kuhesabu vitobo vya viua kimoja kimoja, huku chini ya ukingo wa kofia paji la uso limebeba mng'ao wake na mikunjo yake bila kuzama gizani. Kwenye fremu moja jua lilikuwa limedondokea bega, na hata hapo nyuzi za kanzu hazikuyeyuka.

Bibi kwenye safari ya pili alivaa leso nyingine na alikuwa peke yake. "Mjukuu wangu, leo sina wa kumshika," aliniambia, mikono kaiweka mapajani. Ni picha nzuri ya mama mtu mzima aliyetulia. Si ile ya alasiri ya kwanza, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ililingana nayo.

## Nilichokiona nilipokirudia kisa

Kilichofanya kazi ni mkanda wenyewe, na uamuzi wa kuupa mwanga zaidi. Jambo hili linawasumbua waliozoea filamu ya fedha. Kwenye ile, ukizidisha mwanga chembe zinakua na picha inakuwa ya mchangamchanga. Kwenye XP2 ni kinyume: mwanga ukizidi, viwingu vya rangi vinaongezeka na kulaliana, chembe zinafichana, ngozi inatoka laini. Ilford wenyewe wanaeleza kwamba anayetaka chembe ndogo auseti mkanda huu ASA 200, na kwamba unavumilia kuanzia 50 hadi 800 ndani ya mkanda uleule kwa usafishaji wa kawaida. Sehemu nyeupe nazo hujibana taratibu badala ya kukatika ghafla. Kwa anayewapiga watu weusi waliovaa nyeupe, yaani maharusi wetu, mashehe wetu, wanafunzi wetu wa madrasa, sijui mkanda unaotufaa zaidi ya huo. Mpe uso mwanga unaoustahili, kanzu itajitunza.

Upande wa pili wa uvumilivu huo ndio ulionishika magharibi. Kuupunguzia mkanda mwanga, kama nilivyofanya nilipopandisha ASA, ni kosa. Kwa ASA 1600 viwingu vilikuwa vichache, vimetawanyika, na vivuli vikatoka na chembe kavu zisizopendeza. Nilipojiambia "nitapandisha" nilikuwa nikifikiri kwa akili ya chumba cha giza, ambako mtu huongeza dakika kwenye dawa kufidia mwanga aliokosa. Mashine ya mtaani haiongezi dakika. Kila mkanda huingia mlango mmoja na kutoka mwingine kwa muda uleule, wa kwako na wa harusi ya jirani. Ningefungua dirisha la pili, au ningewaomba wahamie karibu na mlango. Nililiona hilo na sikutaka kumsumbua bibi.

Skana ilinisaidia kwa jambo ambalo sikulitarajia. Mikanda ilikuwa imekwaruzwa kwenye mashine ya kwanza. Skana ile ina taa ya infraredi inayotambua vumbi na mikwaruzo na kuifuta, na kwenye XP2 inafanya kazi, kwa kuwa rangi zake huipitisha taa hiyo. Fedha haiipitishi: ukiweka HP5, mashine itaidhania picha nzima ni uchafu.

Kosa la mkanda uliopotea mara nyingi huelezwa kama uzembe wa sekunde moja. Mimi naliona limefungwa mapema zaidi, pale vikopo sita vilipoingia mfuko mmoja na nikakubali kuvipokea hivyo. Nilikuwa na usiku mzima kabla ya kupiga. Kigae cha XP2 kina maandishi ya C-41. Ningevifungua vyote kwenye kitanda, nikaifunga HP5 mpira na kuiacha nyumbani. Siku hizi naandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko, herufi moja: R kwa dawa ya rangi, F kwa fedha. Na dukani nasema kwa kila mkanda, sisemi "hii yote".

Liko pia suala la umri wa picha. Fedha iliyosafishwa vizuri hukaa kuliko rangi, na negativu ya XP2 ni rangi hata kama ni nyeusi. Kwa joto na unyevu wa pwani, niliwapa familia negativu kwenye mifuko ya polipropilini, siyo ile ya plastiki laini ya PVC inayoganda na mkanda, ndani ya bati lenye vifuko vya kunyonya unyevu, wabadilishe vifuko kila masika. Kwa kuwa XP2 haina utando wa chungwa, negativu zile zinaweza pia kuchapwa kwenye karatasi halisi ya fedha siku yoyote atakapopatikana mwenye chumba cha giza. Niliwaomba waichape hivyo ya babu walau nakala moja.

Kati ya fremu za magharibi, ya 31 ndiyo pekee ambamo mtoto hakutikisika. Amelala, mdomo wazi, mkono wa bibi uko juu ya nywele zake, na dirisha limechora mstari mwembamba wa mwanga kwenye vidole. Vivuli vyote ni mchanga. Sikutaka kuwaonyesha. Binti mkubwa aliikuta kwenye ukurasa wa picha ndogondogo, akaweka kidole juu yake na hakukiondoa. Nilimweleza kwamba ikikuzwa itaharibika, akauliza ukubwa gani itavumilia. Tuliichapa inchi 5 kwa 7, ikawekewa fremu yenye ukingo mpana, na ndiyo iliyopewa nafasi ya karibu zaidi na picha ya harusi. Ile kubwa ya babu iko ukuta wa pili.